Neno la Jumatatu huko Karuba

Kila Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi, Athanasie alikaa mkekani nyumbani kwake Karuba, akapakata kibuyu cha maziwa na kuanza kukisuka, kukitikisa ili maziwa yatoe siagi. Baada ya muda kibuyu kilitamka neno moja. Athanasie alifuta mikono, akachukua kayé yake, daftari la shule, akatunga shairi juu ya neno hilo na kulisoma kwa sauti. Hapo ndipo siagi ilijitokeza. Bila shairi jipya, hakuna siagi. Mara moja alijaribu kusoma la zamani, maana alikuwa na mafua na hana hamu ya kutunga. Alisuka siku tatu, bure.

Leo watu wangeuliza maswali. Wakati ule kulikuwa na kazi. Miaka ya kwanza maneno yalikuwa ya kila namna: mvua, mkwe, kiroboto. Shairi la kiroboto lilipendwa hata kilima cha pili, Mushaki. Kisha, mwaka 1949, mzungu mwenye shamba la pareto na karatasi ya serikali akazungushia waya wa miiba kisima ambacho ng'ombe wa kilima kizima walikuwa wakinywa, na tangu juma hilo kibuyu kilisema neno moja tu: kisima. Rutayisire, mume wa Athanasie, sasa alishusha ng'ombe mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda, saa tatu kurudi, na ndama walikuwa wakidhoofika njiani. Athanasie aliona uchungu, akatunga. Kisima, Jumatatu baada ya Jumatatu, na hata siku moja hakujirudia.

Habari zikafika ofisini kwa serikali ya Wabelgiji. Ajenti wa teritware, ofisa wa wilaya, akaja na polisi wawili, akaingia bila kupiga hodi wakati kibuyu kinasukwa. Hapo alikosea, maana kwa wafugaji wa Karuba, anayemkuta mama akisuka maziwa hatoki mpaka siagi ionekane; akitoka, ng'ombe wanakauka. Polisi, wenyewe watoto wa wafugaji, walikaa mlangoni na kulaza bunduki chini.

"Kuna sikukuu Masisi," ajenti alisema. "Wakubwa wanakuja. Tunga shairi ya shukrani."

"Kibuyu imesema kisima, Bwana."

"Mimi nasema shukrani."

Athanasie akatunga la shukrani, zuri tu, lenye barabara na dawa na kila kitu. Akalisoma, akasuka. Saa sita ikapita. Maziwa yakabaki maziwa. Ajenti aliinuka atoke, na polisi mmoja, Kanyamibwa, akamwambia kwa heshima kwamba haiwezekani.

"Mimi njo mukubwa wako."

"Ndiyo, Bwana. Lakini ng'ombe ya mama yangu iko huku kilimani."

Ilipofika saa tisa ajenti alikuwa na njaa kali. Akamwambia Athanasie atunge lile la kisima, yaishe.

"Utasikiliza mpaka mwisho?"

"Nitasikiliza."

Athanasie akachukua kayé, akatunga, kisha akasimama na kusoma:

Nimehesabu miiba ya waya
kama mwalimu anavyoita majina asubuhi:
yote ipo, hakuna hata mmoja uliotoroka.
Ng'ombe wangu wako nje, ndimi zimekauka,
wanasikia maji yakiongea na mwenye karatasi.

Siagi ikatoka, ya njano, nyingi kuliko kawaida. Ajenti alijifuta uso kwa leso. Alisema shairi ni zuri, tena ni la kweli kabisa, na kwamba waya utabaki, kwa sababu karatasi imekwisha sainiwa.

"Basi na mimi nitabaki," Athanasie alisema. "Siku yoyote utaingia humu Jumatatu, utakuta njo neno hiyo-hiyo."

Hakumwonjesha siagi. Polisi waliokota bunduki zao, wakamuaga mama mwenye nyumba vizuri, wakamfuata bwana wao.

Jumatatu iliyofuata Rutayisire alirudi kutoka mtoni na ndama mfu mabegani, akamlaza uani. Huko juu waya ulikuwa palepale. Kibuyu kikasema kisima. Athanasie aliandika kurasa nne, kisha wa tano, kwa hasira ambayo hakujaribu kuificha, na majirani waliokuwa ndani hawakuondoka hata mmoja. Siagi ikangoja mpaka amalize.