Mlango Uko Wazi, Hata Jumapili

Kabla sijaeleza jinsi mwanamume aliyenikimbia alivyorudi kwangu kwa njia ya redio, ieleweke kwanza kwamba mimi ni fundi. Siyo fundi wa kubahatisha. Nashona vitenge, nashona sare za shule, na suti ya kike nikiikata leo, kesho unaivaa na bega limekaa mahali pake. Kwa kazi ya mikono hii nilijenga kibanda cha tofali pale njia panda ya Sumbawanga, hapa Tunduma, chumba cha mbele cha kushonea na cha nyuma cha kulala mimi na binti yangu Violet. Kefa, baba yake Violet, hakuweka hata tofali moja. Aliondoka kwenda Zambia kutafuta maisha mtoto akiwa bado anatambaa, akasema ataandika barua akifika, na nadhani mpaka tunaingia mwaka elfu mbili alikuwa bado yuko njiani.

Kibanda ninacho, cherehani ninazo, wateja sina. Miaka ile kila mtu alikuwa amefungua kitu. Ukitembea kutoka stendi hadi mpakani unapita mafundi kwenye kila baraza, na Wazambia wanaovuka kuja kununua wanaishia kwa fundi wa kwanza wanayemwona. Mimi nilikuwa mbali kidogo na njia yao. Nilijua kabisa kwamba kibanda kisipopata watu, nitakiuza, na nikikiuza narudi kulima shamba la watu.

Nikaanza kujitangaza kwa uwezo wangu. Nilimlipa mchoraji anichoree kibao, akaandika FUNDI CHEREANI, akapunguza herufi na bei hakupunguza. Hata hicho hakikukaa, lori lilirudi nyuma likakilalia. Kisha nikamshonea Ruti, mwimbaji wa mbele wa kwaya yetu, gauni zuri la bure alivae Pasaka, ili watu wamwulize kashonewa wapi. Waliuliza kweli. Ruti akawajibu kwamba ameletewa kutoka Lusaka. Mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa uchangamfu na mimi najibu kwa meno tu.

Ndipo Gasper akaingilia. Gasper alikuwa fundi redio wa kibanda cha jirani, kijana mwenye roho nzuri na maneno mengi, na alikuwa mwanachama wa klabu ya watuma salamu. Kipindi cha salamu cha mchana kikianza, anafungulia redio zote alizokwisha kuzitengeneza, na jina lake likitajwa anatoka nje ili tumwone.

"Dada Nesta," akaniambia siku moja, "tangazo la redioni ni bei ya ng'ombe. Kadi ya salamu ni bei ya maandazi. Na vyote viwili vinasomwa na sauti ile ile."

Nikamwambia kwamba kwenye kadi za salamu hawasomi matangazo ya biashara, mtangazaji mwenyewe hulisema hilo kila siku.

"Hawasomi tangazo. Jina je? Nani atakukatalia jina lako?"

Basi nikawa na jina. Niliandika kwenye kadi kwamba mtumaji anaitwa Nesta Fundi wa Vitenge wa Njia Panda ya Sumbawanga Mkabala na Geti la Bluu, Tunduma. Nikawasalimu wateja wangu wachache, nikawasalimu ndugu wa Mbozi, nikamsalimu hata Ruti, Mungu anisamehe. Nikatuma kadi baada ya kadi. Hazikusomwa. Gasper akasema zinafika kwa magunia, mtangazaji anachagua, na huyu bwana anapenda zenye huzuni.

"Wewe una mume aliyepotea," akasema, "na unamwacha akae bure."

Nilicheka siku ile, nacheka kidogo hata sasa. Kadi iliyofuata nikaandika kwamba namsalimu mume wangu Kefa popote alipo. Kwenye nafasi ya ujumbe nikaandika maneno ya kazi, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayataka: "Mlango uko wazi asubuhi mpaka jioni, hata Jumapili baada ya ibada. Njoo na kitambaa chako tu, mengine niachie mimi."

Ilisomwa wiki ile ile. Mtangazaji alianza kwa haraka zake za kawaida, alipofika kwa Kefa akapunguza mwendo, na ujumbe akausoma kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akasema, "Dada Nesta, usikate tamaa," akaniwekea na wimbo. Gasper alikuwa anarukaruka nje kama mtoto aliyepewa soda.

Wateja wakaja. Walikuja kutoka Vwawa na Mlowo, walivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakiuliza kwa heshima ya kwao "Ba Nesta ni nani?" na wengi wao walinishika mkono muda mrefu kuliko inavyohitajika wakinitazama kwa huruma. Huruma yao niliipokea pamoja na vitambaa vyao. Nikaongeza cherehani, nikaajiri wasichana wawili, Violet akavaa viatu vipya vya shule. Na kadi nikaendelea kutuma, kila moja na Kefa wangu popote alipo, kwa sababu kadi yenye Kefa inasomwa na isiyo na Kefa inatupwa. Sikuwa nimemkumbuka. Nilikuwa namtumia kama wenye maduka wanavyotumia picha ya msichana kwenye kalenda. Nilifurahi sana, nasema wazi. Kwa mara ya kwanza tangu amzae, Kefa alikuwa anamlisha mwanawe.

Alikuja mchana, kibanda kimejaa. Nilikuwa nampima mama mmoja wa Nakonde, pini nimezibana mdomoni, nikaona mwanamume mnene na begi amesimama mlangoni.

"Mama Violet," akasema. "Nimesikia."

Wale wanawake walielewa kabla yangu. Walikuwa wamesikiliza habari yangu redioni mwaka mzima, na sasa mwisho wake unatokea mbele ya macho yao wakiwa na vitambaa mikononi. Vigelegele vilipigwa mpaka watu wakatoka kwenye vibanda vingine. Mama wa Nakonde alikuwa analia. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, na hadi nilipozitoa zote, Kefa alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha wateja. Violet aliyekuwa ametoka shule akamwamkia kwa heshima, akamwuliza anashonesha nini.

Jioni nilimwambia aondoke. Akaondoka kweli, bila ugomvi, akaenda kwa kaka yake Osea, mfanyabiashara wa chumvi ya Ivuna. Osea akaitisha kikao cha familia zote mbili nyumbani kwa baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenioza baada ya baba kufariki. Nilikwenda nikiwa na ujasiri. Niliamini kwamba mtu akimtelekeza mke na mtoto miaka yote ile, yeye ndiye anayekwenda kujieleza.

Osea alikuja na redio kaseti. Kefa alikuwa amejirekodia kipindi akiwa Nakonde, ambako, kumbe, ndiko alikokuwa akiishi muda wote, ng'ambo tu ya mpaka, umbali wa kutembea kwa miguu. Hilo peke yake lingetosha kumaliza kikao. Hakuna aliyeliuliza. Osea alibonyeza kitufe, tukasikia jina langu refu lote, tukasikia "mume wangu Kefa popote alipo", tukasikia mlango uko wazi hata Jumapili baada ya ibada. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa kama wako msibani. Sauti ya mtangazaji ilipofika kwenye "mengine niachie mimi", shangazi yake Kefa akajifuta machozi.

"Shemeji," Osea akasema, "mke amemwita mumewe nchi nzima ikisikia. Mume ameitika. Sasa kosa la huyu bwana ni lipi?"

"Nilikuwa naita wateja," nikasema. "Saa za kazi zile. Kitambaa ni kitambaa, siyo fumbo."

Nikaomba Gasper aingie anishuhudie, maana nilikuwa nimemwacha nje. Akaingia, akasimama vizuri, akasema ukweli wote: wazo lilikuwa lake, jina la Kefa tuliliweka ili kadi isomwe, lilikuwa tangazo la biashara na si vinginevyo.

"Mlilipia shilingi ngapi redioni?" Osea akamwuliza.

"Hatukulipia. Ni kadi tu."

"Tangazo la biashara hulipiwa. Mimi chumvi yangu niliwahi kuitangaza, nikalipa, nikapewa risiti. Hii haikulipiwa, kwa hiyo ni salamu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikamtazama baba mdogo. Nilimtazama kwa muda mrefu, kwa sababu yeye alijua nilivyobeba maji ya kujengea kibanda kile huku mgongoni nina mtoto.

"Mwanangu," akasema, "na sisi huku tulisikia. Tukasema maskini, bado anampenda. Na ng'ombe wa mahari tulishawala, hawarudi."

Ikawa imekwisha hivyo. Kefa akahamia kwenye chumba cha nyuma, mimi na Violet tukawa tunalala mbele chini ya meza ya kukatia. Asubuhi yeye ndiye aliyekaa mlangoni kupokea wateja, na walimpenda, walikuja wengine wasio na hata kitambaa kumwangalia tu. Wasichana wangu akawaambia malipo yapitie kwake. Nilipomgombeza mbele ya wateja, akatabasamu, akawaambia kwamba mapenzi ya siku nyingi yana kelele. Walicheka. Nilitamani kumchoma na pasi.

Haikupita muda mrefu akasema kwamba asiyeitaka nyumba asizuiwe kutoka. Osea alikuja kurudia maneno hayo hayo kwa sauti ya kikubwa, akaongeza kwamba cherehani zilizonunuliwa wakati mume akiitwa ni mali ya nyumba. Nilitoka na moja, ile ya mama yangu, na Violet akabeba mkasi. Wasichana wangu wawili walibaki. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu.

Mtu ataniuliza kuhusu mahakama. Najua ipo. Nilikwenda kuulizia, nikaambiwa nilete mashahidi, na mashahidi wangu wote ni watu waliopiga vigelegele.

Nikapanga baraza nyuma ya soko. Kefa hawezi kushona kifungo, lakini hakubadilisha jina pale njia panda. Kwa nini alibadilishe? Pale pakabaki kwa Nesta Fundi wa Vitenge, na yeye akatuma kadi yake ya kwanza maishani, ya kuwashukuru wasikilizaji, imetoka kwa Nesta na mumewe Kefa. Mtangazaji aliisoma mara mbili. Nami nikatuma yangu, nikaeleza kwamba nimehamia nyuma ya soko. Nilisikiliza kila mchana na Gasper, yeye akiwa ameinamia redio bila kuniangalia usoni, na haikusomwa, kwa sababu haikuwa na huzuni yoyote. Nilikuwa nimeandika mahali nilipo tu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Ibaba, ametoka na gari la alfajiri, ana kitenge kizuri kwenye mfuko, cha harusi ya mwanawe. Alisimama mbele ya baraza langu akaulizia kwa Nesta Fundi.

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alitazama cherehani ile moja, akamtazama Violet aliyekuwa anapiga pasi sakafuni, akatazama pande zote kama mtu anayetafuta kitu kilichopungua.

"Mume wako yuko wapi?"

"Sina mume."

"Basi siyo wewe," akasema kwa upole. "Nesta ninayemtafuta mimi mumewe alirudi. Tulimlilia sana kule kwetu."

Nikamwambia tena kwamba ni mimi. Nikamwambia jina langu lote refu, kila neno, pamoja na geti la bluu. Violet akaacha kupiga pasi, akamwambia, "Mama, ni yeye kweli." Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatutazama kama watu wanaotia aibu. Alikunja kitenge chake vizuri, akakirudisha kwenye mfuko. Kabla ya kuondoka akanishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba naonekana fundi mzuri na sina haja ya kuishi kwa jina la mwanamke mwenzangu, nitafute jina langu mwenyewe.