Padri wa Staroborsk

Raphaeli, fundi mitambo wa kiwanda cha Zegereni, alifika kwa Bi Adventina, Kisarawe, siku ya Ijumaa akiwa na neno lililomkaa kooni miaka arobaini. Akingoja hadi Jumapili, atakuwa amechelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa! Huko kiwandani unahudumia mashine au tumbo?" Bi Adventina alicheka, kisha akamwonyesha karatasi ya parokia. "Jumapili ni misa ya Evance wangu. Nimemwandikisha pamoja na yule Padri Fyodor aliyemzika. Sijaacha kumwombea hata siku moja. Nataka majina yao yasomwe pamoja."

Raphaeli aliketi. Evance alikuwa mtoto wa pekee wa bibi huyu. Yeye na Raphaeli walipelekwa ujanani kusomea matrekta Staroborsk, mji mdogo wa Urusi ya Kisovieti wenye nyumba za mbao na fremu za madirisha zilizochongwa kama lesi. Watu walichota maji kwenye pampu ya barabarani na kuhifadhi kabichi kwa chumvi ndani ya mapipa. Katikati ya mji palikuwa na kanisa lisilo na msalaba. Vikongwe walilipita wameinamisha macho. Ndani mlijaa viazi. Padri wake alichukuliwa zamani, na hakuna aliyethubutu kusema alipelekwa wapi.

Homa ya mapafu ilimuua Evance mwezi wa Januari. Ardhi ilikuwa imeganda. Walichoma matairi juu yake kutwa nzima ndipo sepetu zikaingia.

"Mama, hapakuwa na padri."

Bi Adventina aliishusha karatasi.

"Fyodor alikuwa dereva wa trekta lililobeba jeneza. Nilikudanganya upate faraja."

"Basi uliomba wewe."

Hapo ndipo lilipokuwa neno lenyewe. Makaburini alikuwepo mtu wa chuo, ameshika daftari la kuandika majina ya wanaosali. Raphaeli alihofia kurudishwa nyumbani bila cheti. Mikono yake ilibaki mifukoni. Hata ishara ya msalaba hakufanya.

"Sikuomba, mama."

Bi Adventina aliikunja karatasi ikawa ndogo kabisa.

"Piga magoti," alisema. "Sema ulichopaswa kusema kule."

Alipiga magoti kwenye saruji. "Raha ya milele umpe, ee Bwana..."

Akangoja aitikiwe. Bibi alitazama ukutani, midomo ameifumba.

Raphaeli akajiitikia mwenyewe.