Mbeba Msalaba Hageuki

Maji yaliingia korongoni Ijumaa Kuu, saa nane mchana, watu sitini wakiwa ndani. Wanyonyi aliyasikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na alinyamaza.

Kigango chao cha Longonot kina desturi iliyoachwa na wazee wa reli. Padri ana vigango vingi, kwa hiyo Njia ya Msalaba huongozwa na mwenyekiti. Yeye ndiye hubeba msalaba. Toka kituo cha kwanza hadi cha kumi na nne hasemi neno, hageuki nyuma, na hakuna mtu wa kumpita. Katekista husoma, watu huimba, mwenyekiti hutembea.

Mwaka uliotangulia mwenyekiti alikuwa Karanja, mwenye lori la viazi. Alipofika ukingoni mwa korongo akaona wingu zito juu ya mlima, akatua msalaba, akawarudisha watu. Mvua haikunyesha hata tone. Wanyonyi ndiye aliyembatiza jina: Reverse. Jina likamganda. Watoto waliliita barabarani, wazee wakalicheka, na Januari Karanja akaanguka uchaguzini kwa kura saba. Kiti kikamwendea Wanyonyi.

Ijumaa hii jua lilikuwa kali. Watu wakijipanga uwanjani mwa kanisa, Chepkurui, mama mfugaji, alisimama kwenye ua na mbuzi wake.

"Mzee, msipite korongoni leo. Huko nyuma ya mlima imenyesha tangu alfajiri. Hizi mbuzi zimekataa kushuka, na nyasi ziko chini."

"Mama, tangu lini mbuzi wakasoma hali ya hewa?"

Watu wakacheka. Karanja akasogea. "Chairman, tupitie juu, kando ya reli. Ni dakika ishirini tu zaidi."

"Reverse ni gia ya lori lako, Karanja. Huu msalaba hauna."

Wakacheka tena, na Wanyonyi akajisikia vizuri. Achola, mkewe, hakucheka. Alimshika mkono wa koti.

"Baba Quincy, kuchekwa hakuui mtu. Sikiza watu."

"Wewe nenda nyuma ushike wazee."

Ndiyo kazi ya mke wa mwenyekiti: kutembea mkiani na wanaochechemea. Achola akaenda. Wanyonyi akauinua msalaba, na kuanzia hapo mdomo wake ukafungwa.

Korongo lile lina kuta za udongo wa majivu, ndefu kuliko watu wawili waliobebana. Vituo vitatu viko humo ndani. Mchanga ulikuwa mkavu, na ndege hawakusikika. Walipomaliza kituo cha kumi na mbili, upepo baridi ulimpiga Wanyonyi shavu la kulia. Ulinuka udongo mbichi.

Kisha mngurumo.

Treni ya mizigo, alijiambia. Alikuwa mjukuu wa mtu wa reli, alizijua treni. Lakini reli ilikuwa mkono wa kushoto, na mngurumo ulitoka kulia.

Nyuma yake walikuwa wakiimba kwa nguvu, hawakusikia kitu. Neno moja lingetosha: kimbieni! Aliliona jina lake jipya likimsubiri kanisani Jumapili, na Karanja akicheka wa kwanza. Akaliuma lile neno. Akaongeza mwendo kidogo, si sana, kwa sababu mbeba msalaba hakimbii. Na kwa kuwa hakuna wa kumpita, watu sitini walimfuata kwa mwendo wake yeye.

Mtu anayeogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa msiba, usimpe watu awaongoze.

Alipokanyaga ukingo wa juu, wimbo ulikatika. Haukukatika kwa pamoja. Ulikatikia nyuma kwanza, halafu katikati, halafu akabaki mama mmoja tu karibu yake akiimba peke yake.

"Geuka, Wanyonyi!" Karanja alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, akivuta watu kwa leso na kwa mikanda. "Geuka, wewe!"

Akageuka. Maji yalikuwa rangi ya chai, yamejaa magogo, na pale mkiani mwa msafara hapakuwa na mtu.

Msalaba haukupata hata mkwaruzo. Jumapili ya Pasaka kanisa halikufunguliwa, na hakuna aliyeimba.

Mathenge, katekista, aliyerudi chini kusaidia wengine, alipatikana Jumamosi. Wangeci, miaka themanini na moja, Jumamosi hiyo hiyo. Fancy, mjukuu wake, miaka sita, Jumapili. Achola alipatikana Jumatatu ya Pasaka, kilomita tatu chini, mkono wake ukiwa bado umeshika fimbo ya Wangeci.

Watu wanne, kwa njia iliyookoa dakika ishirini.