Mwandiko wa Kimulimuli

Habari ilimfikia fundi cherehani akiwa na pini mdomoni. Mteja wake, mama mmoja asiyejua kusimama kimya, alikuwa amepanda juu ya stuli anapimwa pindo huku anachezea simu, mara akaanza kucheka.

"We fundi, kumbe mna mali nyumbani mnajitia hamnazo? Barua ya dada yako imepigwa mnada leo. Watu wameigombania hiyo, acha tu."

Fundi akazitoa zile pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, ndipo akaomba kuiona simu. Kulikuwa na picha ya karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne, wino umefifia. Chini yake wameandika: barua ya kwanza ya Kimulimuli kwa wazazi wake, kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajajulikana. Akaisogeza karibu na macho. Mkono ule haukuwa wa Kimulimuli hata kidogo. Ulikuwa wake yeye fundi.

"Mbona umebadilika? Si ufurahi?"

"Nafurahi," fundi akasema. "Simama sawa, pindo linakwenda upande."

Hapo tuelewane kwanza. Kimulimuli, huyo mcheza filamu ambaye sura yake imebandikwa kila ukuta, ni dada yake fundi, baba mmoja mama mmoja. Alipokuwa msichana alianza kwenda kuigiza kwenye ukumbi wa mtaa kwa kujificha. Baba yao, mtu wa hasira za karibu, akapata habari. Akamkata nywele uani, mchana kweupe, majirani wanachungulia, akazikata ovyo ovyo mpaka damu ikachuruzika. Kesho yake binti hakuonekana. Hakuaga, hakuandika, hakutuma hata salamu kwa mtu. Mwaka ukapita, baba akashikwa na ugonjwa wa kifua, na kila siku swali lake likawa hilo hilo, kuna barua? Mama naye chakula hakimshuki. Basi fundi, wakati huo bado mwanafunzi, akajifungia akaiandika yeye. Baba, Mama, nawaomba radhi, nilikosa mimi. Mama, ulichofanya siku ile najua ulikifanya kwa kunipenda. Akaitia kwenye bahasha, akaingia nayo nyumbani kana kwamba ametoka posta. Baba alikufa ameiweka chini ya mto. Mama akabaki nayo, na macho yalipomwisha akawa anasomewa na fundi, hata akaishika yote kichwani.

Jioni ile fundi alifunga kazi mapema, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake kinyozi. Huyu ndiye kitinda mimba wao. Wakati wa mkasa ule alikuwa bado anabebwa mgongoni, na hakuna aliyemweleza kitu. Alimkuta anafagia nywele, mluzi mdomoni.

"Nani alikutuma uiuze barua ile?"

"Dada, usinianze. Mama mwenyewe kakubali. Kasema maneno anayo kichwani, karatasi ya nini tena?" Akaegemea ufagio. "Kila akihojiwa yule anasema hana kwao. Mimi nikiwaambia watu ni dada yangu wananicheka. Nimechoka kuonekana mwongo. Sasa dunia nzima imeona ana kwao."

"Na wale wa mnada hawakuuliza kitu?"

"Waliuliza mpaka kero. Wakataka kitu kingine cha mkono wake wakalinganishe. Nikawapa lile daftari lake la insha."

Jamani. Fundi nusura acheke, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu anayeona gari linamjia. Kwenye daftari lile Kimulimuli aliandika jina lake tu, pale juu ya jalada. Insha zote alikuwa anafanyiwa na mdogo wake fundi, kwa sababu yeye kukaa kitako na kalamu hakukumwezekana. Wataalamu wa watu, na miwani yao, wamelinganisha mkono wa fundi na mkono wa fundi, wakakuta unafanana. Ungeachaje kufanana?

"Kainunua nani?"

"Hawakusema. Mtu alikuwa anataja bei kwa simu. Wenzake wanapanda kidogo kidogo, yeye anaruka tu. Ukumbi wote ukanyamaza, dalali akagonga nyundo."

Fundi hakulipenda jambo hilo. Alirudi nyumbani roho mkononi, na kila aliyebisha hodi siku zile alimshtua.

Simu ilikuja siku ya kazi, saa za mchana, cherehani inakimbia. Namba hakuijua. Sauti aliijua hata kabla haijamaliza salamu. Ni sauti ambayo watu wengine wanakata tiketi ili waisikie.

"Hujambo, mdogo wangu."

"Sijambo. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ninayo hapa mbele yangu. Mwandiko wako mzuri, siku zote nilikwambia."

"Dada, baba alikuwa anakufa."

"Naona. Na mama?"

"Yupo. Macho tu ndiyo hayaoni."

"Nani anamsomea?"

"Mimi."

"Basi Jumamosi nitamsomea mimi. Mwambie nakuja."

"Unataka kufanya nini?"

"Kusoma tu," Kimulimuli akasema, na ndani ya sauti yake hamkuwa na hasira hata chembe. Hicho ndicho kilichomtia fundi hofu. Hasira za dada yake alizijua tangu utotoni, zilivunja vikombe viwili zikaisha. Utulivu huu hakujua aushike wapi.

Mama aliposikia alikuwa hashikiki. Aliagiza kuta zifutwe, mapazia yafuliwe, na ashonewe gauni jipya lenye mikono mirefu. Fundi akalishona, na mara mbili akalifumua, maana mshono ulikwenda kombo. Siku ya kumjaribisha alipiga moyo konde.

"Mama, kuna jambo kuhusu ile barua."

"Najua, mnajuta kuiuza. Msijisumbue, inarudi na mwenyewe." Mama akapapasa shingo ya gauni, akaridhika. "Unajua, mwanangu, bila barua ile mimi ningekwenda kaburini vibaya. Lile neno la kwamba nilifanya kwa kumpenda, nalilalia kila siku. Ulikuwa unasema?"

"Nilisema usijikunjekunje, pini zitakuchoma."

Maneno mengine akaenda nayo hivyo hivyo mpaka Jumamosi.

Kimulimuli alikuja asubuhi, peke yake, kwa miguu kutoka alikoliacha gari. Gauni la kawaida, viatu vya kawaida. Kinyozi, amevaa suti ya harusi yake, alikuwa ameshainua simu apige picha.

"Iweke chini, mdogo wangu," akamwambia kwa upole, na kijana wa watu akaiweka.

Akaingia, akapiga goti mbele ya kiti cha mama. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia huku analia, akampapasa uso, mabega, mikono. Akaukamata mkono mmoja, akaung'ang'ania kwa mikono yake miwili. Fundi alikaa karibu na mlango. Chai aliyoimimina ilipoa, hakuna aliyeigusa.

"Nimeileta," Kimulimuli akasema. "Nikusomee?"

"Nisomee, mama yangu. Leo niisikie kwa mdomo wako."

Kimulimuli akaifungua karatasi kwa mkono uliobaki huru, akaituliza juu ya goti lake. Hakuwa na haraka.

"Baba, Mama," akaanza. Mama akaitikia kwa kichwa, ndivyo inavyoanza. Midomo yake ilikuwa inamfuata msomaji neno kwa neno. "Siwaombi radhi, maana sikukosa."

Midomo ya mama ikasimama.

"Mama, wewe ndiye uliyenishika mikono. Nilikuita, mama, mama, na kila nikikuita ulikaza. Baba alipomaliza ukaniacha pale chini, ukaenda jikoni kuangalia sufuria. Mdogo wangu alitumwa mkasi, akaukimbilia, akauleta. Nimeondoka kwa sababu katika nyumba hii hakuna aliyesema basi, inatosha."

Fundi alilijua kila neno la karatasi ile. Hayo hayakuwemo hata moja, na hata moja halikuwa la uongo.

"Hiyo siyo," mama akasema. "Mimi naijua yangu. Inasema nilifanya kwa kumpenda." Akageuza uso upande wa mlango. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unanisomea. Ipi ndiyo?"

Kinyozi alitaka kusema kitu, akaona nyuso za dada zake, akaufyata. Kimulimuli alikuwa amemtazama fundi, anangoja, hata hamkonyezi. Ilikuwa rahisi mno. Angesema tu, mama, dada anaigiza, si ndiyo kazi yake, na mama angeamini pale pale, maana alikuwa anatamani kuamini. Angelala usingizi wake ule ule mpaka siku yake ya mwisho. Na Kimulimuli angekunja karatasi, aage vizuri, asionekane tena. Fundi alimhurumia mama yake. Alimwonea haya dada yake pia, haya ya miaka yote ile.

"Ni hiyo anayoisoma dada," akasema. "Mkasi niliuleta mimi."

Nje mtu alipita anauza kitu, akaita, akaenda zake. Mama alikaa wima kitini, gauni lake jipya limemkaa vizuri. Kisha akaifumbua mikono yake, akauachia mkono wa binti yake, akaiweka mapajani.

"Haya, endelea," akasema. "Usiruke hata neno."