Choo cha Karibu

Nyawira aliijua ile ploti ya nyumba za kupangisha huko Kawangware hata kabla lango halijafunguliwa. Lakini hakuwaambia wenzake. Walikuwa watatu, wanafunzi wa shahada ya uzamili waliotumwa kujifunza kutibu mgonjwa mmoja kwa pamoja: yeye muuguzi, Kavoi mfamasia, Oketch wa mazoezi ya viungo.

Mgonjwa wao, Mama Nereah, mpangaji hapo, alikuwa amepooza upande mmoja presha ilipompiga. Kavoi alikagua dawa zake, akakunja uso.

"Mama, hii ya kukojoza hujaigusa. Unataka presha ikumalize?"

"Wacha kumgombeza," Oketch akasema. "Mama, choo kiko wapi?"

"Kule mwisho, ukivuka mtaro. Nikimeza hiyo nakojoa kila saa. Nimeshaanguka huko, mwanangu."

"Na hiki cha hapa mlangoni?"

"Kina kufuli. Ni cha wenye maduka. Landilodi alisema..." Macho yake yakatua kwa Nyawira. "Wewe si msichana wa Kimotho?"

Wenzake wakageuka.

"Landilodi ni babangu," Nyawira akasema.

Mama Nereah akapapatika. "Sijasema kitu! Choo ni sawa. Msinifukuze kwenye nyumba, nazimeza zote sasa hivi." Akamimina vidonge kiganjani, akavipeleka mdomoni. Kavoi alimrukia, akamdaka mkono. Vidonge vikatawanyika sakafuni.

Nje, Oketch alimkabili Nyawira. "Ulijua tangu langoni."

"Ningesema nini?"

"Ungesema tu. Sisi ni timu ama ni nini?"

Nyawira alimpigia babake, aliyekuwa mtaa wa Riruta, akaweka spika wenzake wasikie.

"Baba, Mama Nereah apewe ufunguo wa choo cha mbele. Ni mgonjwa."

"Shule imekutuma uniendeshee ploti? Nikimpa mmoja, wote watataka."

"Basi wape wote."

Simu ikakatwa. Nyawira hakuwa amewahi kumjibu babake hivyo. Akaenda kwa keateka aliyetunza ploti, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Mzee ataniua," keateka akasema.

"Mwambie nimekunyang'anya," Nyawira akasema, akachukua ufunguo.

Walirudi ndani. Kavoi aliomba msamaha, akamwelekeza mama anywe ile dawa asubuhi. Oketch akamshika mama kiunoni wakatoka, Nyawira akafungua kufuli ya choo cha mbele. Mama Nereah alikokota mguu polepole, akasita mlangoni.

"Na mkishaenda, si atafunga tena?"

Simu ya Nyawira ikaanza kuita, ni babake. Aliwatazama wenzake. Oketch akasogea, akasimama kando yake.

Nyawira akapokea, akaweka spika tena.