Cheti cha Pili cha Bihogo

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi hiyo Bihogo alikataa majani. Nilimshika chini ya sikio nikakuta tezi imevimba kama yai la bata, na mwili unawaka moto. Ndigana. Mtu wa Buganguzi hahitaji kusoma sana ili aijue ndigana, na mimi niliishia darasa la nne.

Bihogo ni ng'ombe wa mke wangu, Kokugonza. Alipewa na baba yake, na walipokuja watu wa serikali kuvalisha ng'ombe hereni za namba, jina lililoandikwa ni lake. Kokugonza tulimzika kibanjani mwezi wa Julai, nyuma ya zizi, kwenye migomba, baada ya kulazwa zahanati siku nne akisubiri karatasi ya rufaa. Tangu hapo Bihogo hatoi maziwa mpaka nijifunge kitenge cha marehemu, kile cha kijani chenye samaki. Watu wamecheka mpaka wamechoka.

Zamani ndigana ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Unakwenda Muleba, unanunua dawa, Kokugonza anachoma, maana mkono wake ulikuwa mwepesi. Akichoma sindano ya kwanza anafunga kamba ya mgomba kwenye pembe ya kushoto. Ya pili, baada ya siku mbili, pembe ya kulia, asije akasahau. Siku hizi wakubwa wamekaa kwenye viti vyao wakaamua dawa haiuzwi bila cheti cha daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe atoke wapi, hilo hawakuamua. Wetu ni mmoja, kata tatu, pikipiki moja.

"Ta Projestus, dawa hiyo hapo unaiona," aliniambia Haidari, mwenye duka. "Nikikupa bila cheti wananifungia. Lete cheti chenye jina la mwenye ng'ombe."

"Mwenye ng'ombe ni mimi."

"Hereni inasema hivyo?"

Nikaitazama dawa kwenye rafu.

"Basi mlete mama."

Haidari amelichukua duka lile juzi tu, misiba yetu haijui. Nikaenda ofisi ya daktari, nikaikuta na kufuli. Nilikaa barazani mpaka saa kumi, mvua ikanyesha, nikarudi nyumbani nikiwa nimeshamlilia ng'ombe.

Bihogo alikuwa amesimama, anatafuna. Kwenye pembe ya kushoto palikuwa na kamba ya mgomba, mbichi, bado inatoa utomvu. Kitenge kilikuwa kwenye msumari wake zizini, kimelowa chapachapa. Bati la zizi halivuji.

Nikamwita Joanitha, dada wa marehemu, tunapakana naye.

"Ni wewe umemchoma?"

"Shemeji! Mimi hata kuku namchinjisha kwa watu. Umekunywa nini leo?"

"Sijanywa. Tazama."

Akaitazama kamba. Fundo lilikuwa la mizunguko mitatu, kama alivyofunga dada yake tangu usichana. Joanitha hakunitania tena. Alirudi kwake kwa kuzunguka barabarani, hakukatiza kibanjani.

Jumatano asubuhi nilikuwa kwa Haidari.

"Mbona mama alikuja jana, saa nane," akasema. "Mkeo mkimya, mzee! Una bahati, wangu anaongea mpaka usingizini. Kaweka cheti hapa, kachukua dawa, kaondoka. Cheti chenyewe kina udongo, nikajua katoka shamba moja kwa moja."

Akanionyesha. Jina la Kokugonza, namba ya hereni, muhuri. Udongo ulikuwa mwekundu, ule wa chini sana, unaotoka ukichimba kwenda kimo cha mtu.

Daktari Audax nilimkuta ofisini. "Mama nilikutana naye njiani," alisema, "nikamwandikia juu ya tangi la pikipiki. Alieleza ugonjwa vizuri kuliko wanafunzi wa chuo. Mwenye kitenge cha samaki, siyo? Cha sindano ya pili nimeshakiandika, hiki hapa. Kasema kesho atakifuata mwenyewe."

"Nipe mimi, daktari."

"Siruhusiwi, mzee. Tumeagizwa tumpe mwenye mnyama mkononi. Angekuwa marehemu, hapo ni mambo mengine: barua ya kijiji, mirathi, mahakama. Miezi hiyo."

Nikisema Kokugonza amekufa, kile cheti kinachanwa mbele yangu na Bihogo anakufa akisubiri mahakama. Nikinyamaza, maana yake na mimi namsubiri yeye. Nikanyamaza. Karatasi moja ilishaniulia mke. Ya pili sikutaka kuisaidia imuue na ng'ombe wake.

Leo ni Alhamisi. Nimekaa kwenye benchi la ofisi tangu saa mbili. Cheti kiko mezani, wamekiwekea jiwe kisipeperuke. Kabla sijatoka nyumbani Bihogo alikuwa amegoma tena kula, shingo kaigeuzia kaburini, masikio yamesimama. Kwenye msumari kitenge hakikuwepo.

Mvua imeanza. Daktari amekwenda dirishani, anaangalia barabara, na sasa ananiuliza kwa mara ya tatu:

"Mzee, mama yuko njiani?"