Mkono Wenye Meno

Pale kwenye duka la ushonaji walimwita Bi Sijambo. Umkute amejishika kiuno, umkute anachechemea, jibu lake lilikuwa lile lile: sijambo. Adabu ya salamu ni hiyo. Mtu haanzi siku kwa kumwaga maradhi yake mlangoni. Lakini ugonjwa wa viungo ulikuwa umehamia mwilini mwake kama mpangaji asiyejua kuhama, na asubuhi hiyo hakutulia. Alikaa kwenye cherehani, akainuka. Akapiga pasi kola moja, akaiacha. Akaenda dirishani, akarudi, akaigusa ile karatasi ngumu aliyoiegemeza ukutani, picha ikitazama ukuta.

"Wewe, kiti kina siafu?" aliuliza dada yake mkubwa, mwenye duka, pini zikiwa mdomoni. "Sare za watu hazijishoni."

"Viungo, dada."

"Viungo, viungo! Utadhani tunapika mchuzi. Mgonjwa hulala, mdogo wangu. Wewe kutwa unatangatanga, jioni mbio darasani kuchora. Sare hizi zikichelewa tena, cherehani hiyo ataikalia mwingine. Nimesema."

Angelala, kama kulala kungemfaa. Akikaa, magoti yalikaza. Akisimama, miguu iliwaka moto. Ee Mola, aliomba moyoni, nipe neno. Neno halikuja. Alichokuwa nacho ni picha. Mwalimu wa jioni alikuwa amewaambia: msichore ugonjwa unavyoitwa, choreni unavyowafanya.

Akaigeuza.

Dada akatemea pini kiganjani. "Umechora mamba?"

"Mkono wangu."

"Mkono gani una meno?"

"Si tunasema mkono unauma? Basi nimechora unavyouma. Kila kiungo na meno yake, yanang'ata kwa zamu. Ndiyo maana situlii, dada. Nayakimbia."

Dada alicheka, kisha akaacha. Alisogea. Kwenye kidole gumba kilichochorwa aliliona kovu la sindano, lile alilolifunga kitambaa yeye mwenyewe walipokuwa wadogo. Pande zote za kovu, meno.

"Na haya ya huku chini?"

"Hicho ni kifundo cha mguu, nimekiongeza. Hayo yanaamshwa na kanyagio la cherehani."

"Na kila asubuhi nakuuliza, hujambo?"

"Nami ningejibuje?"

Dada alivuta kiti chake, akakaa kwenye cherehani ya mdogo wake. Bi Sijambo akarudi nyuma hatua moja. Basi, ameshanyang'anywa cherehani.

"Unanitazamia nini?" dada alifoka. "Shika mkasi. Kukanyaga nitakanyaga mimi. Wewe kata, ukate umekaa, umesimama, unazunguka kama pia, shauri yako. Ila picha hiyo isitazame ukuta tena."

Akashika mkasi, akimshukuru Mungu kimyakimya, akakata huku akiizunguka meza.

Kesho yake dada alimkuta mlangoni akibadilisha mguu wa kusimamia.

"Haya, leo yameamkia wapi?"

Mdomo wake ulikwisha kuanza, "Sija..." Akaukatiza.

"Magotini," akasema.